Asiye na Kikundi: Vikundi vya Kujitolea na Mashirika ya Hisani katika Ustawi wa Jamii

Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Mashewa, Wilaya ya Korogwe



Msiba ukitokea kitongojini alfajiri, kabla jua halijafika utosini mambo mengi huwa yamekwisha kutendeka bila ofisi yoyote kuagiza. Turubai limefungwa. Viti vimeletwa, vingine kwa bodaboda, vingine vichwani. Sufuria kubwa za kikundi, zile zilizotiwa alama ya rangi ubavuni ili zisichanganyike na za watu, zimetolewa zilikohifadhiwa. Mwenye daftari amekwisha kupita nyumba kwa nyumba. Vijana wamechukua majembe na sululu kuelekea makaburini, na mtu mmoja ametumwa mjini Korogwe kutafuta sanda au mbao za jeneza. Mfiwa hajaulizwa lolote. Ameketi, naye ameachiwa alie.

Jambo hili ni la kawaida mno hata halihesabiwi kuwa huduma. Hata hivyo, likipimwa kwa fedha na kwa saa za kazi, ni miongoni mwa huduma kubwa za ustawi wa jamii zitolewazo vijijini, na wanaozitoa hawana mshahara, ofisi wala gari. Mazungumzo haya yanawahusu watu hao, pamoja na jumuiya za dini na mashirika ya hisani yanayofanya kazi iliyo jirani na yao. Yanahusu yale wanayoyaweza kuliko serikali, na yale wasiyoyaweza hata wakijitahidi vipi. Zaidi ya yote yanamhusu mtu ambaye jina lake halimo katika daftari lolote, yule ambaye msiba wake hauna turubai.

Ni vema kuanza na asili ya vyama hivi, kwa maana wako wanaodhani kwamba vililetwa na miradi ya miaka ya karibuni. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, na kutokana na hiyo michache yakazaliwa mashamba yaliyoenea Korogwe, Muheza, Pangani na kwingineko. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono haikutosha. Wakaletwa manamba kutoka mikoa ya mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi maalumu ya kuwaandikisha, iliyojulikana kama SILABU. Mtu alisafiri siku nyingi kwa gari moshi na lori, akaandikishwa, akapewa kadi ya kazi, akalala katika chumba cha kambi pamoja na watu asiojua lugha yao. Mtu huyo akiugua, nani amchemshie uji? Akifa, nani amwoshe?

Jibu la kwanza lilitoka katika utani. Mahali ambapo ukoo haukuwapo, mtani alisimama badala ya ukoo. Yeye ndiye aliyechimba kaburi, aliyeshughulika na maiti, aliyewachekesha waliobaki ili wasizame katika huzuni, na aliyedai chake baadaye bila kuona haya. Jibu la pili lilitoka katika vyama. Ngoma za beni, pamoja na makundi yake mashuhuri ya Marini na Arinoti, hazikuwa mchezo wa jioni peke yake. Chini ya sare na vyeo vya kuigiza kulikuwa na michango, na mwanachama aliyeugua au kufiwa aliangaliwa na wenzake. Mijini nako vyama vya watu wa asili moja vilifanya vivyo hivyo. Wazaramo Union, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1938, ni mfano mmoja kati ya mingi. Kwa hiyo kikundi cha kufa na kuzikana kilichopo leo katika kitongoji chochote cha Mashewa kina babu zake. Hakikuundwa na mfadhili. Kiliundwa na watu waliokuwa na hofu ya haki kabisa, hofu ya kufa ugenini.

Kando ya mkondo huo wa wananchi wenyewe ulikuwapo mkondo wa hisani, yaani msaada wa mtu kwa asiyekuwa wa kwake. Mfano wake mkubwa hauko mbali. Uko Lutindi, milimani, ndani ya wilaya hii hii ya Korogwe.

Lutindi ilianzishwa mwaka 1896 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani ili kuwapa makazi watoto waliookolewa katika biashara ya utumwa. Biashara hiyo ilipokoma na watoto kupungua, nyumba zile hazikufungwa. Mwanzoni mwa karne ya ishirini zilianza kupokea wagonjwa wa akili, wakati ambapo hapakuwa na hospitali nyingine ya aina hiyo katika Afrika Mashariki yote. Inafaa kutua kidogo hapa. Mgonjwa wa akili wa siku zile alifungwa kamba nyumbani, au alifukuzwa akazurura, au aliwekwa gerezani pamoja na wahalifu. Hakuna mtawala aliyepata faida kwa kumtunza. Hakulipa kodi, hakubeba mzigo, hakukata mkonge. Ilihitajika nia nyingine, isiyotafuta faida, ili mtu wa namna hiyo apewe kitanda. Na pale Lutindi alipewa pia kazi: bustani, shamba, mifugo, karakana. Kazi hiyo haikuwa adhabu. Ilikuwa sehemu ya tiba, na utaratibu huo unaendelea mpaka leo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki.

Hata hivyo, habari za Lutindi zina upande wa pili ambao wasifiaji wa hisani mara nyingi huuruka. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani katika milima ya Usambara. Vita ya Pili ikafanya vivyo hivyo kwa waliokuwa wamerudi. Wafadhili na wasimamizi walitoweka kwa sababu za ugomvi wa Ulaya, ugomvi ambao mgonjwa wa Lutindi hakuwa na habari nao. Hisani itokayo mbali ina udhaifu huo tangu zamani: mpokeaji hana sauti juu ya siku itakayokatika.

Serikali ya nchi huru ililitambua hilo mapema. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, shule nyingi za madhehebu zilitwaliwa na serikali, kwa hoja kwamba elimu ni haki ya kila mtoto, na haki haiwezi kutegemea dini ya mzazi wala ukarimu wa mtu. Katika tiba ilichaguliwa njia ya katikati. Hospitali ya kanisa iliachwa mikononi mwa kanisa, serikali ikachangia mishahara na gharama, nayo hospitali ikahudumia watu wote wa wilaya bila kuuliza imani yao. Hospitali Teule ya Muheza, ambayo wengi wa Mkoa wa Tanga wamewahi kulazwa au kumlaza ndugu, iliendeshwa hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1992 serikali na makanisa yalitia saini makubaliano ya kuendeleza ushirikiano wa aina hiyo katika elimu na afya. Mpango huo una kasoro zake, lakini una jambo moja la maana. Kila upande ulibeba mzigo uliouweza. Kanisa lilikuwa na majengo na watu wenye wito, na serikali ilikuwa na hazina isiyotegemea sadaka ya Jumapili.

Sasa yarejee mambo ya leo, na kwanza vikundi vya kuweka na kukopa, maarufu kwa jina la vicoba. Mbegu ya mfumo huu ilipandwa nchini Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, miongoni mwa wanawake wa vijijini, kisha ukasambaa Afrika hadi kufika Zanzibar na Tanzania Bara. Utaratibu wake unafahamika na karibu kila mwanamke aliyeko hapa. Kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu, ambao hakuna hata mmoja aliye mtunza sanduku. Kuna hisa zinazogongwa muhuri kwenye kijitabu, mkopo, riba ndogo, faini ya kuchelewa, na mgao mwisho wa mzunguko. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivyo vinatambuliwa kisheria na hupaswa kusajiliwa kupitia halmashauri.

Jambo lisilosemwa sana ni kile kimfuko kidogo kilicho pembeni ya hisa, uitwao mfuko wa jamii. Kila mkutano kila mwanachama hutumbukiza kiasi kidogo ambacho hakirudishwi katika mgao. Mtoto wa mwanachama akilazwa, nyumba yake ikiezuliwa na upepo, mume akifariki, fedha hutoka hapo siku hiyo hiyo, bila fomu na bila kusubiri mwaka wa fedha. Hakuna taasisi ya umma inayoweza kufikia kasi hiyo, wala haipaswi kuonewa haya kwa kutoifikia, kwa sababu fedha ya umma lazima ipite katika saini na ukaguzi. Kikundi chaweza kutoa haraka kwa kuwa kinamjua anayepewa. Wanaotoa walimwona shambani juzi, wanajua kwamba mguu wake umevimba kweli.

Ujuzi huo ndio mtaji mkubwa wa vikundi kuliko fedha zao. Afisa ustawi wa jamii mmoja huhudumia eneo kubwa, lenye vitongoji vya bondeni na vya milimani, ambako mvua za masika zikikolea hata pikipiki hushindwa. Hawezi kujua kwamba katika nyumba fulani mzee hajatoka nje kwa siku tatu. Jirani anajua. Vijana waliowahi kubeba mgonjwa kwa machela ya miti na blanketi kutoka mlimani hadi barabarani, wakipokezana mabega kwenye miteremko, wanajua ni njia ipi haipitiki na ni mama yupi anakaribia kujifungua.

Lakini hapa ndipo penye mwiba. Kikundi kinadumu kwa ukali wake. Asiyehudhuria hutozwa faini, asiyelipa mara tatu hufutwa, na asiyekwenda kwenye misiba ya wenzake asitarajie watu kwenye msiba wake. Ukali huo usilaumiwe, kwani kikundi kinachosamehe kila mtu hufa kabla ya mgao wa kwanza, na sanduku lake hubaki likitumika kuwekea mahindi ya mbegu. Ila ukali huo huo ni ukuta. Je, nani hubaki nje yake?

Hubaki bibi anayelea wajukuu wanne ambao wazazi wao wamefariki au wamekwenda mjini na simu zao hazipatikani. Hana cha kununulia hisa, wala hawezi kuwaacha watoto ili akae mkutanoni. Hubaki kibarua aliyehamia kufuata kazi, ambaye kila akizoeleka mahali huhamia pengine. Hubaki mtu mwenye ulemavu ambaye wanakikundi, pasipo kusema waziwazi, wana shaka kwamba atarudisha mkopo. Hubaki mgonjwa wa akili ambaye hata ndugu zake wamechoka. Hubaki pia, na hili husemwa kwa sauti ya chini, mtu aliyegombana na wakubwa wa kikundi, au aliyesingiziwa uchawi, au mjane ambaye ukoo wa marehemu umemtenga. Kwa maneno mengine, wanaokosa kikundi si wavivu. Mara nyingi ni wale wale ambao ustawi wa jamii uliwekwa kwa ajili yao.

Katika kila uzinduzi wa kikundi husemwa kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli. Lakini msemaji huishia hapo, akaketi, na hakuna anayeuliza habari za mtu ambaye mkono wake hauna vidole.

Kwa sababu hiyo ni kosa kuhesabu kwamba vikundi vikiwa vingi, kazi ya serikali imepungua. Vikundi husaidiana, na kusaidiana ni kwa walio na cha kuchangia. Mashirika ya hisani huwasaidia wasio na cha kuchangia, lakini huchagua: huyu husaidia yatima, yule wenye ulemavu wa macho, mwingine waumini wake, na mradi una mipaka ya kata na tarehe ya kumalizika. Mwenye wajibu kwa kila mtu bila kuchagua ni mamlaka ya umma peke yake. Ndiyo maana nchi ina Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Ndiyo maana pia ulianzishwa mpango wa kunusuru kaya maskini chini ya TASAF, uliozitafuta kaya kwa hali zao, pasipo kuuliza uanachama. Mzee asiyejiweza mwenye umri wa miaka 60 na zaidi akitibiwa bila malipo, hapati sadaka. Anapata kilichoahidiwa na nchi yake.

Ahadi hiyo na mzee mwenyewe, hata hivyo, huwa hazikutani. Kati yao kuna barua ya utambulisho, kitambulisho, nauli, foleni, na karani anayesema njoo kesho. Mzee wa mlimani haji kesho. Hapo ndipo kikundi cha kujitolea kinapoweza kufanya kazi ambayo serikali haijaweza kuifanya vizuri: kumshika mzee mkono kutoka mlangoni kwake hadi dirishani kwa karani, na kurudi naye. Kazi hiyo haihitaji ufadhili. Inahitaji mtu mmoja mwenye subira na anayejua kusoma.

Mfano wa hesabu utasaidia. Kwa miaka kadhaa, Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya yenye watu wasiozidi sita. Kikundi cha watu 30, kila mmoja akitoa shilingi 1,000 mara moja kwa mwaka, kingeweza kuilipia kaya moja isiyo na uwezo, tuseme ya yule bibi na wajukuu wake wanne. Shilingi elfu moja haikumzidi mwanachama aliyemaliza mgao. Mwaka 2023 ikatungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayoweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Utaratibu huo utamhitaji mtu wa kusema ni nani hasa asiye na uwezo, na hapo tena ushuhuda wa jirani una thamani kuliko karatasi.

Yafaa pia kusemwa wazi kuhusu wafadhili wa nje, maana mwaka 2025 ulitoa fundisho la ghafla. Januari ya mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na katika nchi nyingi za Afrika miradi ya afya na ya watoto walio katika mazingira hatarishi ikafungwa au ikapunguzwa kwa kishindo. Watumishi walipewa barua, pikipiki zikarudishwa, vishikwambi vikakusanywa. Hakukuwa na vita safari hii, lakini kwa mtoto aliyekuwa akitembelewa kila mwezi matokeo yalifanana na ya Lutindi ya zamani: aliyekuwa akija hakuja tena.

Pale mradi unapofungwa huonekana tofauti moja kubwa. Yako maeneo ambako mradi ulijenga juu ya kikundi kilichokuwapo, ukakipa mafunzo na daftari, kisha ukaondoka, na kikundi kikaendelea kuwatembelea watoto, pengine kwa uchache. Na yako maeneo ambako mradi uliunda kikundi chake, ukakipa jina, fulana na posho. Posho ilipokoma, fulana zikabaki kuvaliwa shambani. Anayetaka kujua mradi fulani utaacha nini, asisome bango lake. Aulize kama watu wale walikuwa wakikutana kabla haujaja.

Pamoja na hayo, isidhaniwe kwamba kujitolea hakuna gharama. Mwanamke anayekwenda kuwatembelea wagonjwa watatu milimani amepoteza siku ya palizi, na magugu hayamsubiri. Kumsifu kwenye mkutano kisha kumwacha anunue mwenyewe viatu, sabuni na vocha ya simu ni kumtoza kodi kwa sababu ya wema wake. Serikali yenyewe imelikubali hilo. Mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa mwaka 2024 unakusudia kuwapa wahudumu hao mafunzo na posho. Vijiji navyo vinaweza kufanya kadiri yao: kumpunguzia mhudumu zamu za msaragambo, kumlimia kipande chake siku moja, kumlipia nauli ya kwenda Korogwe akiwa na mgonjwa. Mambo hayo ni madogo, lakini kwa kukosekana kwake watu wema wengi wamejitoa kimyakimya, bila kuaga.

Upo pia mlango ambao halmashauri yenyewe huufungua kwa vikundi, nao ni mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani. Kwa sheria, asilimia nne ni ya wanawake, asilimia nne ya vijana, na asilimia mbili ya watu wenye ulemavu, tena bila riba. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya udhaifu uliobainika katika usimamizi, ukarejeshwa mwaka 2024 kwa taratibu mpya. Vikundi hewa, vilivyoundwa wiki moja kabla ya fomu kutolewa, vilikula fedha iliyokuwa iwafikie akina mama wa kweli. Aliyejiandikisha katika kikundi hewa asijione kuwa ameiibia serikali ya mbali. Amemwibia jirani yake wa kulia na wa kushoto.

Uwazi huo huo udaiwe kwa mashirika. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, pamoja na kanuni zake, inayataka yasajiliwe, yaeleze vyanzo vya fedha na matumizi yake. Shirika likiingia katika kijiji na kupiga picha za watoto, mwenyekiti wa kijiji ana haki ya kuuliza cheti, mpango wa kazi, na muda wa kazi hiyo, na afisa maendeleo ya jamii yupo kwa ajili ya kumsaidia kuyasoma. Mwenye nia njema hafadhaiki akiulizwa. Tena makao ya watoto yanahitaji leseni, na kwa mtoto mwenye shangazi au bibi, makao ni hatua ya mwisho. Mara nyingi kilichokosekana kwa bibi huyo si mapenzi. Ni gunia la mahindi na madaftari, na anayetaka kutoa hisani angeanza na hivyo kabla ya kujenga bweni.

Jumuiya za dini zina nafasi ya pekee katika haya, kwa kuwa zenyewe hazina tarehe ya kumalizika. Zaka na sadaka za msikitini, mfuko wa matendo ya huruma wa kanisani, vikundi vya akina mama wa dini zote mbili: hivi vimekuwapo kabla ya miradi na vitakuwapo baada yake. Udhaifu wake ni kila upande kuangalia wa kwake. Kitongoji kimoja chaweza kuwa na mzee anayepelekewa futari na mchele kutoka nyumba nne, na mwingine mtaa wa pili asiyepelekewa kitu, kwa kuwa tu haonekani katika safu za swala wala katika viti vya ibada. Imamu na mwinjilisti wakikaa nusu saa na kulinganisha orodha zao, jina hilo linalokosekana kote kuwili litajitokeza lenyewe.

Kuhusu orodha hiyo, liko jambo la kufanywa ambalo halisubiri bajeti. Mkutano mkuu wa kijiji kwa sheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kila kikundi chenye daftari, kiwe cha kuzikana, cha vicoba au cha dini, kinaweza kumpa mtendaji wa kijiji, kabla ya mkutano huo, majina ya watu wa kitongoji chake ambao hawamo katika kikundi chochote na hali zao ni ngumu. Majina hayo yasisomwe hadharani, kwani umaskini nao una staha yake. Mtendaji ayalinganishe, ayapeleke kwa mtendaji wa kata na kwa afisa ustawi wa jamii, na katika mkutano unaofuata aeleze ni mangapi yamefanyiwa kazi na mangapi bado. Kisha kila kikundi kichague jina moja tu katika hayo, na katika mfuko wake wa jamii kitenge kiasi, hata kama ni cha sanda na chakula cha siku moja, ili siku ya mtu huyo itakapofika sufuria zenye alama ya rangi zitolewe kwa ajili yake pia.

Mzunguko wa vikundi vingi unakaribia mgao. Makatibu wenye madaftari wanaombwa kuanza na kitongoji wanachokaa wenyewe.